Mwandishi wa Vijana Alipofika Kimulot

Mellen, mkutubi wa Kimulot, aliwapenda waandishi wa vitabu vya vijana jinsi wengine wanavyowapenda wanasoka. Kitabu kipya kikifika, alikisoma kwanza yeye, kisha akasimama mlangoni mwa maktaba wanafunzi wakitoka shule. "Kujeni muone huyu mama amefanya nini tena!"

Huyo mama alikuwa Priscillah Wairimu wa Nakuru. Wavulana waligombania vitabu vyake, na Kipruto ndiye aliyekuwa mstari wa mbele. Mellen alimsumbua mwandishi kwa simu hadi akakubali kuja Januari.

"Itakuwa safari yangu ya mwisho," Priscillah alisema. "Macho yananiacha. Nataka kuwaona wasomaji wangu ningali naona."

Desemba wavulana walipoingia jandoni, Mellen hakuwa na wasiwasi. Alizaliwa Kisii, ambako mvulana hutahiriwa akiwa mdogo, hupona, kisha hurudi kucheza na wenzake wale wale. Alichouliza ni kama watatoka kabla mgeni hajafika. Akaambiwa watatoka.

Siku ilipofika, alipanga viti katika chumba cha watoto. Humo ndimo alimoviweka vitabu vyote vya vijana, na ukutani palichorwa sungura.

"Unahangaika kama mama ya bibi harusi," Chepyegon, mfagiaji, alimtania.

"Wacha nihangaike, dada. Harusi yenyewe ni moja."

Priscillah alifika, akapewa mursik, akanywa na kusifu yale maziwa. Wakangoja. Waliokuja ni watoto wadogo tu, waliosikia kuna soda.

Ng'ambo ya barabara walisimama wavulana waliovaa makoti mapya. Mellen akawakimbilia.

"Kipruto! Mgeni wako amefika!"

Kipruto hakumtazama usoni. "Tumesikia, Madam."

"Sasa mnangoja nini?"

"Huko ni kwa watoto."

Mwenzake akacheka. "Tukae na sungura, Madam? Sisi ni wanaume sasa."

"Basi nitaleta viti hapa nje."

"Wazee wanapita hapa," Kipruto akasema polepole. "Watauliza tunafanya nini na vitabu vya watoto."

Mellen alirudi akimtafuta Chepyegon. "Wamekuwaje hawa?"

"Mtu akishatoka jandoni, mambo ya utoto anayaacha huko. Hata jikoni kwa mama yake haingii tena. Na wewe vitabu vyao umeviweka wapi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Si hata nyinyi mnatahiri? Nilidhani unajua."

Mellen akarudi ndani. Mle chumbani Priscillah alikuwa akiwasomea watoto, kitabu amekileta karibu kabisa na uso. Watoto hawakuelewa kitu. Mmoja alikuwa amelala. Priscillah aliposikia hatua za Mellen, akafunga kitabu.

"Wale barabarani ndio wao?"

"Ndio, mama."

"Naona makoti tu. Nyuso sizioni."

Mellen akamshika mkono, akamsogeza dirishani.

"Yule mrefu ni Kipruto. Anapenda sehemu za kuchekesha, lakini akisoma hacheki, anatikisa mabega tu. Anayemfuata ni Weldon. Huyo huanzia mwisho wa kitabu, nimemgombeza nikachoka. Mwenye kofia ni Kipyegon…"

Wavulana walikuwa wameshageuka. Walishuka wakifuatana kwenye kijia cha shamba la majani chai, na barabara ikabaki tupu. Priscillah alikuwa bado amekaza macho dirishani, akitabasamu. Mellen akaendelea kuwataja.