Kilo Tisa Nyuma ya Kiti

Tuseme ukweli, huyu kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchomeleaji, mikono imejaa makovu ya cheche, na gokati ile aliijenga mwenyewe. Kwa asiyejua, gokati ni kile kigari cha mashindano kisicho na paa wala mlango, ukikikalia makalio yanakaribia kukwaruza lami. Fremu aliinunua imepinda, kwa mtu aliyekata tamaa na mchezo, akainyoosha. Injini ilikuwa mtumba. Matairi ni yale ambayo wenye nazo huyatumia Jumapili mbili na kuyatupa. Miaka miwili alijinyima mpaka viatu vyake vikaanza kucheka.

Lakini nusu ya gharama ilitoka kwenye cherehani ya mdogo wake wa kike, fundi nguo, mwembamba kiasi kwamba mtaa mzima humwita Sindano. Yeye ndiye aliyeshona mto wa kiti. Siku moja uwanjani akaomba ajaribu mizunguko mitatu tu, "nione hela zangu zimekwenda wapi."

Loo! Watu waliacha soda zao wakakimbilia kwenye uzio. Binti aliingia kwenye kona kama vile anapitisha kitambaa kwenye cherehani, wala hakutoka nje ya mstari. Makofi yakalia. Kaka hakuwahi kupigiwa makofi hata siku moja. Nyumbani nako mama hakuwa na habari nyingine: "Mwanangu kumbe ana kipaji!" Mwanangu, utadhani alizaa mmoja. Kaka akasukuma sahani pembeni.

Ada ya msimu waliimudu ya dereva mmoja tu. Wakakubaliana kwamba Jumamosi, siku ya mazoezi, kila mmoja apige mizunguko kumi, na mwenye mzunguko wa kasi zaidi achukue kiti msimu mzima. Kaka aliitikia huku anacheka. Moyoni alikuwa anawaka.

Sasa, kuna kanuni moja. Gari na dereva hupimwa pamoja, na lazima wafikie uzito uliowekwa, ili wembamba wasiwapunje wanene. Kwa hiyo Sindano ilibidi abebeshwe kilo kumi na nane za risasi, ile ya kwenye betri zilizokufa, vipande sita vya kufungwa kwa bolti nyuma ya kiti. Anayeyeyusha nani? Kaka. Anayefunga nani? Kaka huyo huyo. Ijumaa mchana, peke yake karakanani, alimimina vipande sita, akakaa akivitazama. Kisha akamimina vingine vitatu. Kilo tisa za ziada.

"Tahadhari tu," alijiambia, na alijua anajidanganya. Siku ya mazoezi hakuna anayepimwa. Nani atajua?

Jumamosi alitangulia yeye. Aliendesha vizuri kuliko siku zote, tumpe haki yake: sekunde hamsini na nane na nusu. Akashuka, akafunga vipande vyote tisa kwa mikono yake huku mdogo wake akivaa helmeti.

"Asante, kaka," akasema Sindano.

Neno hilo lilimchoma, lakini hakulegeza bolti hata moja.

Mzunguko wa kwanza gari lilimvuta Sindano likamtupa nje ya kona. Kaka akafurahi, jamani, akafurahi mpaka akajionea haya. Wa pili vile vile. Wa tatu binti akabadilisha mtindo, akaanza kupunguza mwendo mapema, akilibembeleza gari kwenye kona na kukanyaga mafuta wakati wa kutoka. Mzunguko wa tisa: hamsini na nane na robo.

Sindano alirudi, lakini hakushuka.

"Mzee wa mizani yupo?" aliuliza. "Naomba anipime."

Mzee alikuwa palepale, anafuta mizani yake. Wakalisukuma gari juu. Akakunja uso.

"Binti, umezidi kilo tisa! Nani kakubebesha mzigo wote huu?"

Watu wakageuka. Kaka alitamani ardhi ipasuke immeze. Ikijulikana, pale uwanjani hakuna atakayemruhusu kugusa gari tena. Sindano alivua helmeti, akamtazama kaka yake, si kwa muda mrefu.

"Mimi ndiye niliyemwambia aongeze," akasema. "Niliogopa kupungukiwa."

Mzee akacheka, akarudi kwenye kitambaa chake. Kushindwa kulimuuma kaka. Kusitiriwa na yule yule aliyemwonea kijicho kulimuuma zaidi.

Sindano akachukua spana, akamwekea mkononi.

"Vitatu ni vyako, kaka. Vitoe. Vyangu viache."

Kaka akapiga magoti nyuma ya kiti ambacho hakikuwa chake tena, akaanza kufungua.