Meza Iliyomezwa

Kompyuta iliwaka vizuri. Ikaunguruma kama kawaida yake, ikaniuliza nenosiri, ikalikubali, ikanikaribisha kwa jina langu. Kisha ikanipa giza. Skrini nyeusi tititi, na katikati mshale mmoja mweupe, basi.

Nikangoja. Nikaizima, nikaiwasha. Giza lile lile, mshale ule ule.

Ilikuwa saa tisa na nusu mchana, na kesho yake asubuhi tulitakiwa hospitali. Ndani ya kompyuta hiyo, niliyouziwa na ofisi moja iliyokuwa inafungwa, mlikuwa na faili moja tu nililolihitaji. Nililiita Meza.

Binti yangu alizaliwa miezi miwili kabla ya siku zake. Tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa mdogo wa kutisha, lakini sauti yake ilijaza wodi nzima. Kulia aliweza. Kilichomshinda ni kumeza. Chakula kilikuwa kinapotea njia, kinaelekea mapafuni badala ya tumboni, na mara mbili tulilazwa kwa sababu hiyo. Alipofikisha mwaka na nusu, mtaalamu anayewafundisha watoto kumeza, mama mmoja mpole mwenye miwani, alitukalisha chini.

"Nipeni wiki kumi," alisema. "Kila mlo, andikeni. Amekula nini, kizito au chepesi, vijiko vingapi, amekohoa au hakukohoa. Tukiona anameza salama, tunaendelea hivi hivi. Tukiona hapana, tutamwekea mpira wa kulishia tumboni. Mpira si adui, mama. Umeokoa wengi. Ila nataka kuamua kwa ushahidi, si kwa kubahatisha."

Wiki kumi, milo minne kwa siku. Asubuhi na mchana nililisha mimi na kuandika. Jioni nikiwa darasani alilisha mama mkwe wangu, akanisimulia nikirudi, nikaandika. Baba Chiriku ni dereva wa malori ya safari ndefu, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu sisi wanawake watatu, wawili kati yetu wakiwa na meno pungufu. Neno "meza" lilisemwa kwetu kuliko salamu. Meza, mama. Meza, mpenzi. Haya, kidogo tu, meza.

Na kule darasa la jioni mwalimu wetu alitufundisha kwamba ule uso wa kompyuta wenye picha ndogo ndogo za mafaili tuuite meza. "Ukifungua mlango wa ofisi unaona nini kwanza?" alituuliza. "Meza. Basi." Kwa hiyo faili langu la Meza lilikuwa mezani, na meza yenyewe ndiyo ilikuwa haionekani.

Nilimpigia Dada Maswali. Huyu ni mwenzetu darasani, msusi wa nywele. Mwalimu akisema "bonyeza hapa", yeye husema, "Nisipobonyeza?" Mwalimu akisema "faili limehifadhiwa", yeye husema, "Wapi hasa?" Darasa zima huguna. Nami nilikuwa naguna, Mungu anisamehe, nikiwaza mtoto niliyemwacha nyumbani. Lakini siku ile, katika watu wote ninaowajua, ni yeye peke yake niliyejua hatanijibu "izime uiwashe".

"Dada, meza yangu imepotea."

"Imepotea, au haionekani?"

Mama mkwe alikuwa ameketi kando yangu, Chiriku mapajani. Akagonga mbao kwa kiganja. "Meza ipi? Si hii nimeiegemea?"

"Ya ndani, Mama."

"Ndani ya wapi? Nyumba hii ina meza moja."

"Ndani ya kompyuta. Na faili la Meza lilikuwa juu ya meza."

"Meza juu ya meza." Akamgeukia mjukuu wake. "Mke mwenzangu, unamsikia? Mama yako kasoma mpaka kapitiliza."

Upande wa pili mtu akacheka. Dada Maswali alikuwa ameweka simu kwenye spika, maana mikono yake ilikuwa kichwani mwa mteja.

"Mshale unauona?" akauliza.

"Nauona."

"Ukisukuma kipanya, unatembea?"

"Unatembea."

"Basi haijafa. Maiti hamfuati mtu. Inamisha kichwa. Si wewe, namwambia huyu. Sasa bonyeza Kontro, Alti na Dileti, vyote pamoja."

Kitufe cha Alti cha kibodi yangu hakikubali mpaka ukikandamize kwa kidole gumba chenye nia, na mkono wangu mmoja ulikuwa na simu. "Mama, nisaidie. Bonyeza hicho cha kule pembeni."

"Mimi?" Akarudisha mkono nyuma. "Mimi nisiiguse tena hiyo."

"Kidogo tu, Mama. Moja, mbili, tatu."

Tukabonyeza, mimi viwili na yeye kimoja, Chiriku akipiga makofi. Giza likaondoka, ikaja skrini ya buluu yenye maneno machache. Dada Maswali akanielekeza kwenye orodha ya kazi zinazoendelea, kisha mahali pa kuanzisha kazi mpya. Kikafunguka kisanduku kidogo cha kuandikia.

"Andika herufi hizi. E. Eksi. P. L. O. R. E. R."

"Eksi ni ipi?"

"Ile ya makosa aliyokujazia mwalimu kwenye zoezi la tatu."

Mteja akacheka tena. Safari hii hata mimi nilicheka. Nikabonyeza Enta, na meza ikarudi.

Ikarudi tupu. Saa ilikuwepo, pipa la taka lilikuwepo. Picha ya Chiriku akiwa na karoti puani haikuwepo, wala faili hata moja. Pembeni kulikuwa na ujumbe: nimeingia kwa akaunti ya muda, na nitakachokiweka hapa kitafutika nikitoka.

Nilimsomea Dada Maswali. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupungua.

"Jana nani aliigusa mwisho?" akauliza.

"Mimi. Niliiacha ikijisasisha, nikaenda darasani."

"Ikamaliza?"

"Bila shaka."

"Bila shaka, au uliona?"

Kando yangu mama mkwe akamhamisha mtoto goti moja hadi jingine.

"Nilichomoa," akasema.

"Ulichomoa nini, Mama?"

"Waya wake. Ilikuwa imeandika subiri, usizime. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Iko pale pale, asilimia thelathini. Soketi ya jikoni si unajua inarusha cheche? Mtoto ana njaa, viazi havijasagwa. Nikasema, mtoto hawezi kusubiri mashine. Nikachomoa, nikachomeka blenda."

Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lina moto. Nikalimeza.

"Nimesikia," simu ikasema. "Usizime, usiguse kitu. Namalizia mstari huu wa sikioni, nakupigia baada ya dakika tano. Na usimfokee mama."

"Sijamfokea!"

"Nimesema umemfokea? Nimesema usimfokee."

Akakata. Mama mkwe akampa Chiriku kijiko cha plastiki achezee, akavuta daftari langu la darasani, akalisukuma mbele yangu.

"Andika," akasema. "Kichwa changu hakina waya. Jana: viazi na karoti, vizito, vijiko kumi na moja, hakukohoa. Juzi: ndizi ya kuponda, vijiko vinane, alikataa cha tisa, alitaka kucheza. Jumapili ulikuwepo."

Niliandika. Akarudi nyuma siku baada ya siku, macho yameelekea dirishani, akihesabu milo kwa vidole. Si yote, lakini jioni zake zote alikuwa nazo. Nikawa namtazama badala ya kutazama daftari. Nilidhani ananisimulia kila usiku ili niandike, halafu anasahau. Kumbe alikuwa ameweka.

Alipofika wiki ya sita akasita.

"Alhamisi ile ya mtihani wako," akasema. "Hiyo uliandika vibaya. Kosa si lako. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Nikaweka kalamu chini.

"Alipaliwa, mwanangu. Kijiko cha tano. Akawa mwekundu, kisha akawa rangi nyingine. Nikamgeuza, nikampiga mgongoni kama tulivyofundishwa, kikatoka. Baada ya hapo akalala kama hakuna kilichotokea. Mimi ndiye niliyeshindwa kulala."

"Mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungerudi darasani?"

Sote wawili tulijua jibu. Ningeacha siku ile ile, na nisingemlaumu mtu, na kila nikiona kompyuta ningeifunika kitambaa. Yeye alilijua hilo kabla yangu, akabeba Alhamisi ile peke yake mwezi mzima.

Simu ikalia.

"Haya," Dada Maswali akasema. "Chumba chako kikivunjika kitasa, ukalazwa chumba cha wageni, nguo zako ziko wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Basi imekulaza chumba cha wageni. Nenda chumbani kwako. Fungua diski ya C, folda ya watumiaji. Unaona majina mangapi?"

"Mawili. Langu, na lingine la muda."

"Na wewe unaitwa nani?"

Nikaingia kwenye folda yenye jina langu. Ndani yake folda ya meza, na ndani ya meza vitu vyangu vyote vimekaa kimya kama watoto waliojificha chini ya kitanda: zoezi la tatu na eksi zake, karoti puani, Meza. Nikalifungua. Safu zikashuka, wiki kumi, mlo baada ya mlo. Nilisikia mtu anashusha pumzi. Alikuwa mama mkwe.

"Lipo!"

"Linakili kwenye flashi kabla hujashangilia."

Nikanakili. "Tayari."

"Tayari wapi hasa?"

"Kwenye flashi."

"Umeifungua ukaliona?"

Nikaifungua, nikaliona, nikamwambia nimeliona. Nikamwambia pia kwamba darasani nilikuwa naguna akiuliza, na kwamba naomba radhi.

"Najua," akasema. "Unaguna vizuri kuliko wote. Nenda kamlishe mtoto."

Lakini kwanza nilishuka hadi Alhamisi ya wiki ya sita. *Viazi, vijiko tisa, hakukohoa.* Kijistari cha kuandikia kilikuwa kinawaka na kuzima mwishoni mwa mstari. Niliwaza mpira. Niliwaza ushahidi wa wiki kumi, msafi karibu wote, na mstari mmoja unaoweza kuuangusha. Hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili. Mama mkwe alikuwa ananitazama, aliniachia.

Nikafuta. Nikaandika: *Viazi, vyepesi. Vijiko vitano. Alipaliwa. Saa moja na nusu jioni.* Nikamuuliza kama kulikuwa na mengine. Yalikuwepo, vikohozi vitatu vidogo, jioni tatu tofauti. Nikaviandika vyote.

Asubuhi mtaalamu alichomeka flashi kwenye kompyuta yake, akasoma akiwa ameshika kidevu. Chiriku alikuwa anajaribu kula kamba ya kitambulisho cha mtaalamu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimemwambia baba yake kwenye simu kwamba mpira si adui, na nilipomwambia nilijaribu kuamini.

Akafika wiki ya sita. Akasimama.

"Hii iliandikwa jana," akasema. Pembeni ya kila mstari nilioubadilisha nilikuwa nimeweka tarehe ya jana yake. "Kwa nini?"

Nikafungua mdomo, lakini mama mkwe alinitangulia. Alisema yote: kupaliwa, kunyamaza, kuchomoa. Alisema akiwa amesimama, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Kaa, bibi," mtaalamu akasema. "Siku hiyo chakula kilikuwaje?"

"Chepesi. Niliongeza maji, nilimwona amechoka. Nilidhani kitapita kirahisi."

"Na siku za vikohozi?"

"Hivyo hivyo. Akichoka, naongeza maji."

Mtaalamu akarudi kwenye skrini. Akapanga upya safu, sijui alifanyaje, hilo bado hatujafundishwa, na milo yote ya jioni ikakusanyika juu. Akaigeuza skrini tuione.

"Asubuhi, hakuna kikohozi. Mchana, hakuna. Jioni, kila alipokohoa alikuwa amechoka na chakula ni chepesi. Chakula chepesi kinakimbia, bibi; mtoto aliyechoka hakiwahi." Akavua miwani. "Bila mistari hii minne, ningeona mtoto anayemeza salama saa zote, ningewaambia endeleeni na jioni. Na jioni moja asingewahi kugeuzwa."

Alimkalisha Chiriku wima, akamlisha yeye mwenyewe vijiko vinne vya ndizi nzito, vidole vyake vikigusa koo lile dogo. Koo likapanda, likashuka. Mara nne. Hakukohoa.

"Mpira hatuweki," akasema. "Mlo mkubwa wa mwisho uwe saa kumi, mzito, amekaa wima. Baada ya hapo maziwa yaliyofanywa mazito tu, kidogo. Mrudi baada ya miezi mitatu, na mwandike hivi hivi, kila kitu."

Nilimshukuru mara nyingi mno, mpaka akaanza kuita mgonjwa mwingine ili nitoke.

Nje kwenye korido nilimshika mama mkwe mkono. "Asante, Mama."

"Asante ya nini? Mimi ndiye niliyechomoa waya."

"Ya kusema."

Akanitazama kama anayetafuta utani wa kujibu, asiupate. Akapangusa macho kwa ncha ya mtandio, kisha kwa ncha ile ile akampangusa Chiriku ndizi kidevuni.

"Saa kumi," akasema. "Basi twende. Viazi havijamenywa."