Nyavu za Kwenda Mhezi

Uzi wa nne ulikatika kwenye kilo thelathini na nane. Rogathe akaandika, akatoa vipande kwenye taya za mashine ya kupimia, akafunga wa tano. Ulitakiwa kuvumilia kilo sitini. Ukaachia thelathini na sita.

Chumba cha vipimo kilikuwa kwenye kona ya kiwanda, pembeni ya mji wa Same, na vumbi la mkonge liliingia humo hata mlango ukifungwa. Kwa miaka sita alikuwa akivuta nyuzi: za kamba za kufungia mizigo, za mikanda ya kunyanyulia magogo, na sasa hizi nene za kufumia nyavu zinazotandazwa milimani kushikilia udongo usiporomoke. Alipomaliza bobini zote kumi za mzigo huu, nane zilikuwa zimeshindwa; hakuwahi kuona hivyo.

Alifumua kipande kwa kucha. Nje singa ndefu za mkonge, nyeupe. Katikati, zimefichwa, nyuzinyuzi fupi za kahawia. Makapi, yale ya kujazia magodoro.

Akamfuata Nasrin kwenye mashine ya kusokota. Nasrin alikuwa amejifunga mtandio puani.

"Nani kawaambia mchanganye makapi?"

Nasrin hakugeuka. "Dada, mimi nasokota ninacholetewa."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Singa nzuri zote zimepakiwa za kwenda nje. Usinitaje, nakuomba. Nina watoto."

Aliporudi alimkuta Clemence, msimamizi wa zamu, amesimama na fomu mkononi.

"Jaza sitini na mbili, dada Rogathe, tumalizane. Nyavu zimeshafumwa, lori limeshapakiwa. Mkaguzi yuko ofisini anakunywa soda."

"Mmefuma kabla sijapima?"

"Tarehe ya mkataba ni leo. Tungefanyaje?"

"Zinakatika thelathini na nane, kaka."

"Wavu haushikwi na uzi mmoja. Ziko elfu na zaidi."

"Elfu mbovu."

Clemence alijifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya. Mwezi wa tatu, Rogathe alipozidiwa na malaria, ndiye aliyempakia kwenye pikipiki yake mpaka hospitali. "Nisikilize," alisema kwa sauti ya chini. "Mzigo huu ukikwama, meneja ananimaliza mimi, halafu wewe. Na wewe ni kibarua. Mwezi unaisha wiki ijayo. Unataka nini?"

Rogathe alichukua fomu mkononi mwake, akaelekea ofisini.

Mkaguzi alikuwa ameshatoa mhuri kwenye mkoba, ameuweka mezani karibu na chupa. Meneja, Bwana Anderson, alisimama dirishani akilitazama lori.

"Shikamoo, mzee. Naomba uje uone uzi mmoja tu ukivutwa. Dakika mbili."

"Marahaba. Binti, mimi nakagua nyaraka. Vipimo ni kazi yenu."

"Haya, nyaraka ndiyo hii."

Akainama pale pale mezani, akaandika 38 kwa kukandamiza kalamu, akatia sahihi yake.

Mkaguzi aliisoma fomu mara mbili. Akaisukuma pembeni kwa kidole, kama chakula kilichochacha. "Meneja, hii siwezi kuigonga." Akaangalia saa. "Ila kama ipo nyingine, mimi niko hapa mpaka saa kumi."

Bwana Anderson hakupaza sauti. Alifungua droo, akatoa fomu mpya, akamkabidhi Clemence aliyekuwa mlangoni. Clemence aliandika 62 haraka. Penye sahihi akatia yake. Mhuri ukagonga meza.

"Wewe, koti na ufunguo umwachie mlinzi," meneja alimwambia Rogathe. "Ukihitajika utapigiwa."

Saa tisa na nusu lori lilitoka getini, matairi yakimrushia vumbi. Alisimama kando ya barabara, akampigia mama yake, Ernesta, kule kijijini Mhezi, milimani. Mvua zilizopita zilishusha mlima ukafukia jiko lake. Nyumba ilibaki chini ya ule mteremko.

"Mwanangu! Umesikia? Mchungaji katangaza nyavu zinakuja kesho. Nikawaambia watu, huko ndiko anakofanya kazi Rogathe. Anazipima yeye mwenyewe."

"Ndiyo, mama. Nimezipima."

"Bwana asifiwe."

"Mama, toa kitanda chumba cha nyuma. Kalale sebuleni. Mwambie na Beatha hapo jirani awatoe watoto upande wa mlimani."

"Na nyavu zinazokuja?"

"Waache wazifunge. Wewe lala sebuleni, mama. Nimezipima mimi."

Upande wa pili simu iliwekwa mezani. Kisha akasikia mama anamwita Beatha, na baada ya hapo miguu ya kitanda ikiburutwa sakafuni.