Mtetea Aliyewika

Mzee Muharami alikuwa ananawa uso asubuhi ile, mmoja wa mitetea wake sita alipowika. Sauti ilianza kama kikohozi ikakatika njiani, lakini kuwika ni kuwika. Alisogea bandani na birika mkononi, akachungulia. Kuku wa miezi mitatu, upanga wa kichwani umeanza kuwa mwekundu, alikuwa anamtazama bila aibu.

Wale sita aliwachagua mwenyewe wangali vifaranga wa siku moja. Alikunjua bawa, akatazama manyoya: yakipishana marefu kwa mafupi, jike, yakilingana, dume. Ujuzi huo aliupata kwenye semina mjini Masasi, na aliporudi Chiungutwa aliwacheka hadharani wanawake waliokuwa wakiatamisha mayai ya duara ili wapate majike.

"Hiyo ni bahati nasibu," aliwaambia. "Mimi nakwenda kwa elimu."

Aliingia ndani, akafungua daftari. Mwandiko wake, alioupata ukubwani katika madarasa ya jioni, ulikuwa umenyooka vizuri. Maelezo ya bawa aliyapigia mstari mara mbili. Pembeni, bila mstari wowote, palikuwa na maneno madogo: "Kwa mbegu ya kiwandani tuliyoonyeshwa tu. Kwa kuku wa kienyeji haifai."

Ameandika mwenyewe, na amesahau mwenyewe.

"Hodi humu! Shikamoo Baba Khalfan!"

"Marahaba," alijibu, akafunga daftari haraka.

Adija, kiongozi wa kikundi cha akina mama wafuga kuku, alikuwa ameshika boksi la vifaranga sitini wa kienyeji, waliototolewa jana kwa mashine kule Mkomaindo. Nyuma yake alikuwapo Shamsia na vikapu viwili. Majike wangebaki kwa mayai. Madume angewachukua Silvano, aliyekuwa akingoja nje na bodaboda yake, awapeleke kwa mfugaji wa Newala, kama alivyofanya mara ya kwanza Mzee Muharami alipowachagulia.

"Mzee, tuwahi," Silvano alisema. "Jua likiwaka, huku kupanda uwanda wa juu wa Newala nitafikisha mizoga."

Mzee Muharami alikaa kigodani. Alikunjua bawa la kwanza. "Jike." La pili. "Dume." Mikono ilikwenda yenyewe. Wa tatu alimshika muda mrefu. Kimoyo chake kilikuwa kinadunda kiganjani.

Huko bandani kuku yule akawika tena.

"He! Baba Khalfan, jogoo umepata lini?" Adija akauliza. "Si ulituambia una mitetea watupu?"

"Atakuwa wa jirani huyo," Shamsia akadakia.

Jibu lilikuwa limeshaandaliwa. Mzee alihitaji kuitikia tu. Silvano alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kikapu.

"Si wa jirani," Mzee Muharami alisema. "Ni mmoja wa wale niliowachagua."

Vicheko vikatoka, kisha vikakatika, maana Adija hakucheka.

"Na wangu kumi na wawili, ninaowalisha mpaka leo?"

"Sijui, Mama Wema."

Neno hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Na wale tuliowatoa, wakaenda Newala?"

"Huenda nusu yao walikuwa majike."

"Bora mayai yetu ya duara!" Shamsia akasema.

"Nayo hayajui," alijibu, lakini sauti haikuwa na nguvu. "Walishwe wote mpaka upanga uonekane. Njia nyingine ya kuku wetu siijui."

Akawarudisha wale wawili boksini, na yule wa mkononi. Silvano alipiga kiki pikipiki yake, akaondoka mikono mitupu.

"Twende ukawaone wangu," Adija alisema, hakumtazama. "Uniambie mwenyewe mbele ya Baba Wema. Mimi siwezi kumwambia."

Mzee Muharami akabeba boksi, akamfuata. Njiani mtu akampungia mkono, akamwita kwa furaha: "Mwalimu wa kuku!"

Alizoea kusimama na kuitikia. Leo aliinamia boksi, vifaranga wakilia, akaendelea kutembea.