Watoto Wasiotaka Kumwota Winnie

"Fungua mdomo, mwanangu. Sema aaa."

Mtoto akasema. Kooni mlikuwa na utando wa kijivu, wala Edith Garside hakushtuka. Kazi yake mwaka ule wa 1907 ilikuwa kuzunguka vichochoro vya mji wa Salford, Uingereza, akitafuta ugonjwa wa dondakoo unapita wapi, na msimu huo wa baridi alikwisha kuona makoo mengi hata moyo umekufa ganzi. Watoto walimwita Bibi Kunusa, kwa jinsi alivyoinamia mifereji ya watu.

Mifereji haikuwa na neno. Maziwa yalipimwa, yakaonekana safi. Wagonjwa hawakusoma shule moja, na mama zao waliwaficha kwa kuogopa gari la farasi la hospitali lililowachukua wagonjwa. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio kikishafika, mpelelezi naye huwa amechelewa.

"Wiki iliyopita ulicheza na nani?" Edith alimwuliza mtoto.

"Sikucheza. Nilikwenda kumbusu Albert Brindle."

"Albert si alikuwa ameshakufa?"

"Ndiyo. Maiti ukimbusu, au hata ukimgusa, humwoti."

Edith alilijua jambo hilo. Hata yeye utotoni alinyanyuliwa akambusu nyanya yake ndani ya jeneza. Mtaa mzima ulifanya hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeona ni jambo la kutaja.

Na leo kulikuwa na maiti nyingine, Winnie Kershaw, mtoto wa miaka sita. Edith alikwenda mbio. Nje ya mlango watoto walikuwa wamejipanga na mama zao, nyuso zimesuguliwa zikang'aa.

"Ehe, Bibi Kunusa! Hata marehemu umekuja kumnusa?" mwanamke mmoja alimtupia.

Hakujibu. Ndani alimweleza mama yake Winnie, Martha, bila kuzunguka: jeneza lifungwe sasa hivi, busu ndilo linalowaua watoto.

"Mwanangu azikwe kama mbwa? Wenzake wasimuage?"

"Wamuage dirishani, dada. Wakimbusu, wiki ijayo utakuwa kwenye mazishi yao."

Martha aliushika ukingo wa jeneza. "Kwa akina Brindle ni mimi niliyemnyanyua Winnie ambusu Albert," alisema. "Kwa mikono yangu hii."

Edith aliitafuta huruma moyoni mwake asiione, akaona aibu. Utepe wa nywele za Winnie ulikuwa umeteleza. Akanyoosha mkono auweke sawa.

"Usimguse!" Martha alimkemea. "Hebu niambie. Watoto wetu wanaokufa, wewe huwaota?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, dada."

"Basi huyu hutamgusa. Huyu utamwota." Kisha akamgeukia fundi wa jeneza aliyekuwa amesimama pembeni. "Funga, baba. Waambie waende makwao."

Edith akautia mkono wake mfukoni. Fundi alianza kukaza skrubu, taratibu, moja baada ya nyingine. Nje, mtoto mmoja akaangua kilio kwamba yeye hajambusu, na jua lilikuwa linakaribia kuzama.