Zamu ya Saa Kumi

Mama alinikabidhi miwani yake, meno yake ya bandia na pete yake ya ndoa, halafu akaniomba kitu cha nne ambacho sikuwa nacho.

"Niombee," alisema.

Vile vitatu nilivipokea. Miwani niliitia mfukoni, meno yalikuwa ndani ya kikombe cha plastiki chenye kifuniko, na pete ilikuwa bado inateleza kwa sabuni. Muuguzi alihangaika nayo karibu robo saa, kwa sababu kidole cha pete cha mama kimepinda kwenye kiungo cha kati, na pete ikifika hapo hukwama. Kidole hicho alikivunja baba, kwa mlango. Baba alikuwa na miaka thelathini na moja kaburini na mama bado alikuwa amevaa pete yake. Nilitamani kuitupa dirishani.

"Shangazi amepiga simu," nilisema. "Anakuombea tangu alfajiri. Na kaka yuko hapo nje."

"Kaka yako anamwomba nani? Yule anaamini gesi ya friji." Alivuta shuka. "Sikumwomba kaka yako. Nimekuomba wewe."

"Mimi siombi, mama. Unajua."

"Najua huombi. Sijui kwa nini." Bila meno maneno yake yalitoka laini, kama ya mtoto, na hilo lilinikera zaidi. "Wananichukua saa nne kuutoa huu uvimbe. Huenda nisirudi. Niambie."

Watu hudhani simwamini Mungu. Kazi yangu ni kukagua mizani za madukani na sokoni. Nina mawe yangu ya kupimia kwenye mkoba, na nimewahi kufunga bucha ya mtu kwa ajili ya gramu hamsini. Wenzangu kazini husema mtu wa vipimo hawezi kuamini jambo lisilosogeza mshale. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa friji na husema hajaona dua iliyogandisha maji, hunihesabu upande wake. Wote wamekosea. Mimi siombi kwa sababu niliwahi kuomba mara moja kwa moyo wangu wote, na nikapewa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa fundi wa kuezeka mabati, na siku moja alianguka kutoka kwenye paa la ghala. Alilala hospitali siku kumi na tisa, macho yamefumba.

Nje, baba alikuwa mtu wa watu. Wajane aliwaezekea bure, na alijua majina ya watoto wa kila mtu. Ndani alikuwa mwingine. Alirudi saa kumi na mbili jioni, na ilipasa akute chakula mezani, maji ya moto bafuni, na sisi tumenyamaza. Kikipungua kimoja, alimwita mama chumbani na kufunga mlango polepole. Akiubamiza, hiyo ilikuwa hasira ya kawaida, ingepita. Alipoufunga polepole, mimi na kaka tuliingia chini ya meza, hata kaka alipokuwa amekwisha kurefuka na miguu ikawa inabaki nje.

Siku za kwanza baba alipokuwa hospitali, mama alianza kuimba akiosha vyombo. Sikuwa najua kama anajua wimbo wowote.

Kisha akaja shangazi na begi lake. Shangazi ndiye dada mkubwa wa baba; alimbeba mgongoni mama yao alipokufa, na alimpenda kuliko nafsi yake. Alikata karatasi ya kalenda iliyopita, akaigeuza nyuma, akachora mistari na kuibandika jikoni chini ya saa ya ukutani. Kuanzia alfajiri mpaka saa ya kulala, kila saa moja ilikuwa na jina la mtu. "Mungu akipita hapa," alisema, "asikute nyumba imenyamaza. Akute mtu magotini."

Tulipiga magoti mbele ya kiti cha baba, mmoja akitoka mwingine akiingia. Kaka, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alipewa zamu ya mchana, na aliilala yote, paji la uso kwenye mto wa kiti. Aliinuka na alama ya mshono wa mto usoni, na shangazi akamsifu kwa kuzama katika maombi. Zamu yangu ilikuwa saa kumi mpaka saa kumi na moja, nikitoka shule. Baada yangu alikuja mama.

Alasiri shangazi alikwenda hospitali. Kila siku alirudi akiwalaani walinzi wa pale, kwamba ni wavivu, humsimamisha getini zaidi ya nusu saa ndipo wafungue. Mimi nilimwelewa. Hata shuleni mlinzi aliniita Jogoo, kwa kuwa kila asubuhi nilimkuta hajafungua geti. Nyumbani kwetu tuliona dunia nzima inachelewa.

Siku ya kumi na mbili shangazi aliingia anacheka na kulia. Baba alikuwa amechezesha vidole. Mama alikuwa anakata vitunguu, kisu kikasimama. Aliutazama mkono wake wa kushoto, kidole kile, akaendelea kukata. Jioni hiyo hakuimba.

Ndipo nilipobadilisha maneno. Kesho yake nilimwambia Mungu, asirudi. Keshokutwa tena, asirudi. Siku ya kumi na tisa niliona labda Mungu haelewi watu wanaozungukazunguka, nikamwambia waziwazi: muue. Nilirudia mpaka magoti yakafa ganzi. Mshale ulipofika saa kumi na moja nilimpisha mama, nikatoka nje kuruka kamba. Niliruka mara sitini na mbili bila kukosea. Sijawahi kufikisha idadi hiyo tena.

Shangazi alirudi jua linazama, viatu mkononi. Alikuwa na karatasi ya hospitali, akaiweka mezani chini ya kopo la sukari, nami nilikuwa nasoma vizuri. Muda wa kufariki: saa kumi na dakika ishirini na tano jioni.

Zamu yangu.

Baada ya mazishi shangazi alitukusanya. Alitutazama mmoja mmoja akasema mnyororo ulikatika mahali, kuna mtu aliyepiga magoti bila kuomba. Kaka alimjibu kwamba baba aliuawa na paa lisilo na kamba ya usalama na mapafu yaliyojaa maji, na Mungu hakuhusika kwa heri wala kwa shari. Alipigwa kofi. Mimi nilitamani sana kaka awe amesema kweli. Lakini yeye alikuwa amelala zamu zake zote. Mimi ndiye niliyekuwa macho, na mimi ndiye niliyejibiwa.

Tangu hapo sikufungua mdomo kwa Mungu. Kwenye harusi niliinamisha kichwa nikahesabu vigae. Mwanangu wa kwanza alipopata degedege, mama mkwe alinishika bega akaniambia piga magoti, nikakataa, nikabaki nimesimama na kitambaa cha maji, naogopa mdomo wangu kama mtu anavyoogopa mbwa aliyekwisha kuuma. Mtoto alipona. Mama mkwe hajanisamehe hadi leo, na sikuweza kumwambia kwamba nilinyamaza ili nisimdhuru mtoto.

Hayo ndiyo niliyomwambia mama, nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, kikombe cha meno mapajani. Niliyasema haraka, kwa sauti ya kazini.

Hakushtuka. Alitazama dari.

"Karatasi iliandikwa saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika ishirini na tano."

"Saa ya hospitali."

"Ndiyo, ya hospitali. Ya nani tena?"

"Ile yetu ya jikoni ilikuwa mbele," alisema. "Dakika arobaini. Niliisogeza mwenyewe baba yako aliponivunja kidole. Nilichelewesha chakula dakika kumi tu, nikasema sitachelewa tena. Yeye jikoni haingii, alikuwa na saa yake ya mkononi. Sikumwambia mtu." Aligeuza uso kunitazama. "Wewe wakati ule ulikuwa nje. Nilikuwa nasikia kamba yako inavyopiga chini. Aliyekuwa magotini ni mimi."

Nilipiga hesabu. Mimi, ninayepiga hesabu kila siku, niliirudia mara tatu. Dakika ishirini na tano na arobaini. Saa kumi na moja na dakika tano. Saa ile ingali jikoni kwake. Tangu nilipoolewa nimeiona mara nyingi haisemi kweli, nikadhani ni uzee wa betri. Nimefunga bucha ya mtu kwa gramu hamsini.

"Uliomba nini?" niliuliza.

"Kama wewe."

Nilitegemea kujisikia mwepesi. Badala yake nilipandwa na hasira ambayo sijapata kuijua, mpaka kikombe kikatetemeka na meno yakagonga ndani yake.

"Ulitaka afe," nilisema. "Ulitaka afe na ukabaki. Mdogo wako, mama mdogo, alikuwa mitaa miwili kutoka kwetu. Alikuwa na chumba kitupu, alikifagia kila wiki akitungoja. Aliniambia kabla hajafa."

"Alikuambia?"

"Ulikuwa na miguu, mama. Ulisogeza saa badala ya kutusogeza sisi. Ukapiga magoti ukamwachia Mungu kazi ambayo begi moja lingeifanya. Na mimi nikaibeba."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani kwa adabu. Nilimngoja mama aseme hakuwa na pesa, au kwamba zamani mambo yalikuwa hivyo, na majibu nilikuwa nayo tayari.

"Ndiyo," alisema. "Hilo ni kweli. Nikirudi tutagombana vizuri. Lakini ile ya saa kumi na dakika ishirini na tano ni yangu. Nirudishie."

Wakaja na kitanda cha magurudumu. Sikumbusu. Nilitembea kando yake mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, na mlango ukafungwa polepole.

Kaka alikuwa kwenye benchi, anakunja na kukunjua tiketi ya maegesho. Aliniuliza mbona nimevimba hivyo. Nilimwambia aninyamazie. Nikakaa, nikafumba macho, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na moja nikasema na Mungu. Sikumwita kwa sifa zake. Nilimwambia: usimchukue. Sijamaliza naye. Umeniacha nikabeba mzigo wa mtu mwingine tangu utotoni na hukusema neno, basi leo unanidai nini? Mimi ndiye ninayekudai. Nipe muda wa kumkasirikia.

Yalipita masaa matatu na nusu. Daktari alitoka akivua glavu, akasema uvimbe umetoka wote na mgonjwa anaendelea vizuri. Kaka alimpigia shangazi simu akaweka sauti kubwa.

"Mmeona?" alisema shangazi, sauti imezeeka lakini bado ya mtu anayepanga zamu. "Mungu amejibu."

"Aliyejibu ni huyu mwenye glavu, shangazi," alisema kaka.

"Na hizo glavu nani alimpa?"

"Stoo ya hospitali."

Kaka alinitazama, anangoja nipige kura upande wake kama kawaida. Nilimwambia zima simu.

Baada ya wiki nilimrudisha mama nyumbani. Nilimpa miwani, nikampa meno. Pete hakuiulizia, nami sikuisema. Niliipima kazini kwenye mizani ndogo ya vito: gramu mbili na robo. Iko kwenye droo yangu, ndani ya bahasha.

Nilikwenda moja kwa moja jikoni, nikapanda kigoda, nikaishusha ile saa na kuirudisha nyuma dakika arobaini. Mama alikuwa ameketi mlangoni ameshika tumbo, ananitazama.

"Utanichelewesha," alisema.

"Kwenye nini? Nani anakuja?"

Nilimlaza, nami nikalala chumba cha pili.

Asubuhi nilipoingia jikoni chai ilikuwa tayari mezani. Saa ya ukutani ilisema saa moja. Yangu ya mkononi ilisema saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kigoda kilikuwa kimesogezwa. Alikipanda na nyuzi kumi na moja tumboni, mwanamke aliyekatazwa hata kunyanyua sufuria. Nilipaza sauti mpaka jirani akafungua dirisha. Nilisema yote niliyokuwa nimeyabakiza hospitali, ya begi, ya chumba cha mama mdogo, ya mwanangu na degedege, na ya kigoda pia.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, ameweka ule mkono wenye kidole kilichopinda juu ya meza.

"Kaa unywe," alisema, "itapoa."

Nilikaa. Nilikunywa chai, nikamkasirikia mpaka kikombe kikaisha. Ndicho nilichokuwa nimeomba.