Jibu la Mchangani

Bondeni kwetu simu inayoshika mtandao vizuri ni moja, ya Shangazi Mina, na hata hiyo lazima upande kilima kilicho nyuma ya bustani za vitunguu, usimame juu ya jiwe jeusi na kuinua mkono kama mtu anayeomba mvua. Halafu spika yake ndogo, ile ya sikioni, ilikufa zamani. Imebaki ile kubwa ya kufungulia muziki. Ujumbe wa sauti ukiingia unausikia wewe, anausikia Shangazi, wanausikia wanaochota maji kisimani, na mbuzi nao wanageuza shingo.

Kwa hiyo siku Ghumur aliponiuliza kama namtaka, bonde zima liliulizwa.

"Raishatu," sauti yake ilisema kutoka mjini Agadez. "Mimi Ghumur. Habari za joto? Habari za mbuzi? Habari za uchovu? Mama hajambo? Sina maneno mengi. Malori ya kwenda Libya yanaondoka kesho asubuhi. Wenzangu wamenishikia nafasi. Ukisema nisubiri, nasubiri, na mvua zikianza naleta wazee kwa baba yako. Ukinyamaza nitajua hunitaki. Nitapanda lori, wala sitakulaumu."

"Ukinyamaza!" Binamu yangu Ilias alipiga kelele kutoka kisimani. "Jamani, huyu kijana hajui anaongea na nani? Angemwambia jiwe lijibu, lingejibu mapema!"

Ilias ni mtoto wa Shangazi Mina. Kwetu binamu wa upande huo ni mtani wako. Anaweza kukuambia lolote na huna ruhusa ya kukasirika. Nami sikuweza kumrudishia hata neno moja, jambo ambalo lilimfurahisha zaidi.

Nilikuwa hivyo tangu utotoni. Shule ya serikali niliiacha darasa la tatu. Kufikiri nilifikiri, ila mwalimu alitaka kila jibu lisemwe umesimama, kwa sauti, tena kwa Kifaransa, na mimi nikisimama ulimi unakauka kama ngozi iliyoanikwa. Mwaka wa ukame tulihama na mifugo, na tuliporudi sikwenda tena shuleni. Kusoma na kuandika nilikojua ni kule alikonifundisha mama: herufi zetu wenyewe, tifinagh. Uji ukiwa motoni, yeye alichora mchangani kwa kidole, duara, msalaba, nukta tatu, mistari miwili, nami nikachora chini yake. Nikikosea anafuta kwa kiganja na hakuna aliyeona. Hakuna aliyesema simama.

Ghumur hakulelewa na mama yake. Alizaliwa kwetu, lakini amu yake alimchukua kwenda mjini akiwa mdogo. Huko alisoma shule na kujifunza kutengeneza pampu za maji. Msimu wa baridi uliopita alikuja kutengeneza za bustani zetu. Jioni moja watu walipokusanyika kwenye ngoma, akakaa karibu yangu, akachukua kiganja changu, akaandika ndani yake kwa kidole. Ndivyo vijana wetu wanavyofanya. Msichana naye akiwa na la kujibu huandika katika kiganja cha kijana, na wazee wanajifanya wanatazama ngoma. Nilikaza akili yote mkononi. Sikupata hata herufi moja. Nikadhani ana kucha ndefu ananikuna. Baadaye nilikuja kujua aliandika kwa herufi za Kifaransa, maana ndizo alizokuwa nazo.

Lakini nilimpenda. Pampu ilipokataa aliisemesha taratibu kama mtu anayembembeleza ngamia mkaidi.

Sasa nilikuwa juu ya jiwe jeusi, na Shangazi ameniwekea simu mdomoni.

"Bonyeza hapa, usiachie, sema."

Nilibonyeza. Sikuachia. Shangazi akasubiri, nami nikasubiri pia.

"Haya, umemtumia upepo," akasema. "Tena."

Mara ya pili nilifika mpaka "Ghu," kisha nikakohoa.

"Atadhani una kifua kikuu!" Ilias alisema. Wakati huo alikuwa ameacha kabisa kuchota maji, amepanda nusu ya kilima asikose kitu.

"Ilias, nenda kwa punda wako!" Shangazi akamfokea, kisha akanigeukia kwa sauti ya chini. "Mwanangu, niambie mimi basi. Mimi ndiye nitamwambia. Ndiyo au siyo?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote. Kumwambia dada wa baba yako, kwa mdomo wako, kwamba unamtaka mwanamume! Kwetu msichana afadhali avuliwe ushungi kichwani. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Niliviangalia sana.

Shangazi akashusha pumzi. "Basi, nimeelewa. Humtaki. Usijali, si dhambi. Nitamwambia kwa upole."

Akachukua simu na kuipeleka mdomoni.

Sijui nilipata wapi nguvu ya kumshika mkono. Nilimshika, nikamvuta mpaka chini ya jiwe palipo na mchanga laini, nikapiga magoti, nikaandika. Niliandika kama mama anavyoandika, kuanzia chini kwenda juu, upesi, kabla haya haijanikuta.

Shangazi aliinama akasoma akifuatisha kwa kidole hewani. Alipofika juu alipiga kigelegele, ndege wakaruka kutoka kwenye mgunga.

"Ameandika nini? Ameandika nini?" Ilias alikuja mbio, na mbuzi wake mmoja akamfuata, akapita katikati ya maneno yangu.

"Mtoe huyo mnyama! Kala nusu ya ndoa!"

Nikaandika upya. Safari hii Shangazi alisimama na fimbo kulinda. Akapiga picha, akainua simu juu kabisa. Duara dogo kwenye kioo likazunguka, likazunguka, tukalitazama wote hata mbuzi. Mwisho likaacha. Picha imekwenda. Na simu nayo, kama iliyokuwa imejikaza kwa ajili yetu, ikazima. Chaji imekwisha, na jua lilikuwa limeshazama nusu nyuma ya mlima, hivyo kile kibao chetu cha kuchajia kwa jua hakikuwa na kazi tena mpaka asubuhi.

Tuliteremka tukicheka. Mama alikuwa nje akisuka mkeka. Shangazi alimweleza yote, kwa mikono na kwa mwendo wa mbuzi. Mama alicheka mpaka akafuta macho. Halafu akaacha kucheka.

"Mina," akasema. "Yule kijana kalelewa mjini. Herufi hizi nani kamfundisha?"

Shangazi akaitazama simu iliyozima.

"Basi mmemtumia picha ya mchanga," mama akasema.

"Wenye kwato za mbuzi," Ilias akaongeza, na kwa mara ya kwanza siku ile hakucheka yeye mwenyewe.

Usiku ule sitaueleza. Alfajiri nilikwenda kukaa kando ya kibao cha jua nikiwa na simu magotini, nikingoja mlima uniachie mwanga. Hakuna anayejua jua letu lilivyo zembe mpaka awe amelisubiri kwa ajili ya simu. Nilijua malori yanaondoka asubuhi. Niliwaza watu wameshakaa juu ya mizigo, madumu ya maji yamefungwa ubavuni, na Ghumur katikati yao anatazama mchanga wangu asione kitu, kama mimi nilivyotazama kiganja changu.

Simu ilipopata uhai kidogo tulipanda kilima wote: Shangazi, mama, Ilias na wanawake wa kisimani ambao hakuna aliyewaalika. Simu ililia mara moja, ujumbe wa sauti. Haikuwa sauti ya Ghumur.

"Aloo! Aloo! Hiki kitu kinanisikia? Nyie watu wa bondeni! Mimi Assibit, mke wa mhunzi!"

Wote tukamjua. Wahunzi wetu wanatutengenezea vipuli, mapanga na vitanda, na wana kazi nyingine: kusema. Sisi wengine tunaona haya, wao hawana, na posa nyingi zisingefika bila wao. Assibit alihamia Agadez na mumewe, lakini mdomo wake tuliukumbuka.

"Niko kibandani napuliza moto wangu, namwona kijana anakuja mbio, kilemba kinaburuta chini, simu kaishika kama kashika nge. 'Mama, hapa pana nini?' Namwambia pana mchanga. 'Mama, nakuomba, soma! Nimewauliza wote kwenye lori, hakuna anayejua!' Lori nalo kule linapiga honi. Haya, nimechukua simu. Huyu binti kaandika kutoka chini kwenda juu kama mama zetu, Mungu ambariki. Nageuza simu nisome vizuri. Picha nayo inageuka! Nairudisha, inarudi! Nikaigeuza upesi niiwahi, wapi! Nikasema simu hii haina adabu. Nikamwambia kijana, iweke chini, usiiguse, nitageuka mimi. Basi mnavyonisikia nimelala ubavu katikati ya soko, kichwa huku, miguu kule, mume wangu anajifanya hanijui!"

Shangazi alikuwa amekaa chini, hoi kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimejifunika ushungi uso mzima.

"Nikasoma. 'Mimi Raishatu nasema: mikeka ya hema langu imekwisha kusukwa. Usipande lori.' Nimesoma kwa sauti ili asikie vizuri. Soko zima limesikia vizuri! Muuza tende kapiga makofi. Kijana kasimama tu. Nikamwambia, wewe, kwani wenye mahema kwenu ni wanaume? Binti kakuambia hema la ndoa liko tayari, unangoja akubebe? Haya, sema naye mwenyewe, mkono wangu umechoka."

Kukawa na makelele ya soko, punda, mtu anabisha bei. Kisha sauti yake.

"Raishatu. Nimeshuka."

Punda akalia tena.

"Dumu langu la maji limekwenda Libya peke yake."

"Ndiyo hayo tu?" Assibit alisikika nyuma. "Mabubu wawili! Mtazungumzaje humo hemani?"

Ujumbe ukaishia hapo. Wanawake wa kisimani walipiga vigelegele, Ilias akaanguka chini akijigaragaza kwamba nimemvunja moyo, yeye binamu mwenye haki ya kunioa kwanza, kwa ajili ya fundi wa pampu. Nami chini ya ushungi niligundua jambo. Maneno yangu yalikuwa yamesemwa kwa sauti kuu mbele ya soko la Agadez, na dunia ilikuwa bado imesimama. Nikafunua uso.

"Ilias," nikasema, "moyo wako uombe mbuzi wako, ndiye aliyetaka kuila ndoa yangu."

Alikaa wima. "Ameongea," akasema polepole. "Mama, umesikia? Ameongea!"

Mvua zilipoanza wazee wa Ghumur walikuja, na baada yao ngamia, sukari na chai. Tulifunga ndoa majani yakiwa mabichi. Kwa desturi yetu mume hukaa kwanza kwa watu wa mke, kwa hiyo hema letu lilisimama karibu na la mama, na hapo Ghumur akakutana na shida mpya. Mwanamume hasemi na mama mkwe wake. Ni heshima. Akimwona anakuja anapandisha kilemba mpaka machoni na kupita njia nyingine, na mama naye anafanya hivyo hivyo. Ukiwatazama utadhani wanadaiana.

Herufi nilimfundisha mimi, jioni, uji ukiwa motoni. Nilimfundisha kwa mdomo kabisa, tena nilimfokea. Alikuwa mzito. Alichanganya mistari, akazidisha nukta, akataka kujua kwa nini hatuna sheria ya kuanzia kushoto. "Anzia unapotaka," nilimwambia, "ila fika."

Asubuhi moja tulitoka tukakuta mama amesimama kando ya kinu chake, anatazama chini. Ghumur alikuwa ameamka mapema akaandika hapo, kwa herufi kubwa zilizopinda kama miguu ya mtoto: "Mimi Ghumur nasema: mama, pampu imepona."

Ghumur alipandisha kilemba, akajificha nyuma yangu, mtu mrefu vile.

Mama alipiga magoti. Alifuta herufi moja kwa kidole gumba, akaiandika sawasawa. Kisha akaandika mstari mrefu chini yake, akachukua mtwangio akaanza kutwanga mtama kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tulipomwona ameingia hemani Ghumur alikwenda kuinama pale. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, na Ilias ambaye daima yupo mahali asipoitwa akasoma juu ya bega lake kwa sauti.

"'Mimi mama yake nasema: ya kisima cha pili inavuja. Na ya dada yangu. Na mlango wa zizi umelegea.'"

Ilias akampiga begani.

"Pole, shemeji. Bora ungebaki hujui kusoma."

Ghumur alisawazisha mchanga kwa kiganja. Alikuwa ameshachuchumaa, anatafuta mahali pa kuanzia kuandika.